Uzito wa Kusawazisha: Historia Fupi ya Kazi katika Kreni na Jukwaa la Tamthilia

1. Utangulizi

Wanahistoria wa ufundi hupenda kutaja majina ya wahandisi na tarehe za uvumbuzi wao. Mtu aliyeshika kamba, aliyekanyaga gurudumu au aliyepanga vipande vya chuma juu ya jukwaa hatajwi sana, ingawa uhai wa wenzake ulikuwa mikononi mwake kila siku. Makala hii inakusudia kuichunguza kazi ya mtu huyo kupitia kifaa kimoja, nacho ni uzito wa kusawazisha, yaani jiwe, mfuko wa mchanga au chuma kinachowekwa upande wa pili wa mzigo ili mkono wa binadamu uweze kuuinua, au ili mashine isipinduke. Hoja inayotetewa ni kwamba uzito huo ulimpunguzia mfanyakazi jasho, lakini haukumpunguzia ujuzi. Uliuhamisha ujuzi wake kutoka kwenye misuli, ukautia katika kuufahamu utaratibu na katika kuelewana kwa maneno na ishara.

Kwa msomaji wa Kiswahili mambo haya si mageni. Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki wana msamiati wao kamili wa kuinua na kushusha: kapi, roda na gofia ni vyombo ambamo kamba hupita, henza na jarari ni kamba za kutwekea foromali pamoja na tanga lake. Tena kuna neno farumi, yaani mawe au mchanga unaopakiwa chini ya chombo ili kisipinduke. Farumi si shehena, haiuzwi wala haimpi nahodha faida; hata hivyo, chombo kitupu kikikosa farumi hakifiki salama. Ndivyo ulivyo uzito wa kusawazisha: huonekana kuwa mzigo wa bure, na kumbe ndio unaobeba kazi yote.

2. Mwili wa mtu kama uzito

Kanuni yenyewe ni ya kale sana. Katika bonde la Nile wakulima walitumia shadufi, yaani mti mrefu uliolazwa juu ya nguzo, ndoo ikiwa upande mmoja na donge la udongo au jiwe upande wa pili. Mkulima hakuinua maji kwa mikono yake. Alivuta chini ndoo tupu, kisha donge likaipandisha ndoo iliyojaa. Kuvuta chini ni rahisi kuliko kuinua, kwa kuwa mwili wa mwanadamu huusaidia mkono.

Wagiriki wa karne ya 5 K.K. walileta mashine ya kuinulia katika maonyesho yao, ili miungu iweze kushuka kutoka angani mbele ya watazamaji. Ushahidi mzuri kuhusu kazi hiyo umo katika tamthilia ya Aristophanes iitwayo Amani, iliyochezwa Athens mwaka 421 K.K. Mkulima mmoja anapaa mbinguni akiwa amepanda dudu kubwa la samadi. Akiwa bado hewani, anaacha maneno ya hadithi na kumsihi mwendeshaji wa mashine awe mwangalifu. Bila shaka watazamaji walicheka, lakini mzaha huo una ukweli ndani yake: mwigizaji alijua fika kwamba maisha yake yamo mikononi mwa mtu asiyeonekana. Mtu huyo hatajwi jina. Anaitwa kwa kazi yake tu.

Jina la mashine za aina hiyo nalo lina historia. Wagiriki waliiita mashine ya kuinulia kwa jina la ndege korongo, kwa sababu ya shingo yake ndefu. Kifaransa husema grue kwa ndege na kwa mashine vilevile, na Kipolandi husema żuraw kwa vyote viwili. Kiswahili hakikumfuata ndege huyo, bali kilichukua maneno ya bandarini, kreni na winchi.

Warumi, na baada yao mafundi wa Ulaya ya zama za kati, walitumia magurudumu makubwa yaliyokanyagwa na watu kwa ndani. Mchongo wa kaburi la familia ya Haterii, uliotengenezwa mjini Roma yapata mwaka 100 B.K., unaonyesha watu wakiwa ndani ya gurudumu la namna hiyo. Kreni ya bandari ya Gdańsk nchini Poland, iliyojengwa kati ya 1442 na 1444, ilifanya kazi kwa magurudumu hayohayo. Iliungua mwaka 1945, kisha ikajengwa upya. Hapa yafaa kusisitiza jambo moja: mtu anayetembea ndani ya gurudumu hasukumi kwa nguvu za mikono. Anapanda upande mmoja wa gurudumu, na uzito wa mwili wake ndio unaolizungusha. Kwa maneno mengine, mfanyakazi mwenyewe ndiye uzito wa kusawazisha. Mzigo ukimshinda, gurudumu hurudi nyuma pamoja naye. Kuuondoa mwili wa mtu mahali hapo na kuweka jiwe au chuma badala yake yalikuwa mabadiliko makubwa katika kazi hii.

3. Kutoka merikebuni hadi jukwaani

Mabadiliko hayo yanaonekana vizuri katika majumba ya tamthilia. Mwaka 1641 ulifunguliwa mjini Venice ukumbi ulioitwa Teatro Novissimo, na mitambo yake ilibuniwa na Giacomo Torelli. Kabla yake, kubadilisha mandhari kulihitaji watu wengi waliolazimika kusukuma kwa pamoja, na mmoja wao akichelewa, msitu ulibaki umesimama katikati ya kasri. Torelli aliyaunganisha mapambo yote ya pembeni na gogo moja la kuzungushia kamba lililokuwa chini ya jukwaa. Uzito ulipoachiliwa kushuka, mandhari yote yalibadilika kwa mara moja, na kijana mmoja alitosha kuuachilia. Mwaka 1645 Torelli aliitwa Paris, na ufundi huo ukaenea. Huko Drottningholm nchini Sweden bado kuna mitambo ya mbao ya mwaka 1766 inayoendeshwa kwa mikono.

Juu ya jukwaa nako mapazia yaliyochorwa yaliinuliwa kwa kamba za katani, kapi, vigingi vya mbao na mifuko ya mchanga. Ni zana zilezile za merikebu, na lugha inathibitisha udugu huo. Katika majumba ya tamthilia ya Ufaransa ni mwiko kulitamka neno corde. Kamba huitwa fil au guinde, na hili la pili lina nasaba na kitenzi cha mabaharia chenye maana ya kutweka. Vilevile ni mwiko kupiga mluzi jukwaani. Husimuliwa kwamba mluzi ulikuwa ishara ya kazi, na aliyeupiga ovyo angeweza kumwangushia mwenzake mzigo kichwani. Iwe asili yake ni hiyo au nyingine, mwiko huo unafundisha kwamba ishara si mchezo.

Mbao na katani zilikuwa na adui mmoja mkubwa, nao ni moto. Tarehe 8 Desemba 1881 ukumbi wa Ringtheater mjini Vienna uliteketea na mamia ya watu wakafa. Baada ya msiba huo wahandisi walibuni jukwaa la chuma lililoendeshwa kwa nguvu ya maji, wakaliita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya usalama, Asphaleia. Jumba la opera la Budapest, lililofunguliwa mwaka 1884, lilijengwa kwa utaratibu huo. Tangu hapo chuma kilizidi kuchukua nafasi ya mbao, na mahali pa mifuko ya mchanga pakashikwa na vipande vya chuma vilivyopangwa katika fremu.

4. Utaratibu wa kupakia na kupakua

Katika mtambo wa namna hiyo, bomba refu la chuma huning'inia juu ya jukwaa kwa nyaya. Nyaya hizo hupita katika kapi zilizo darini, zikashuka ukutani hadi kwenye fremu yenye vipande vya chuma. Pazia la kilo 200 likisawazishwa na chuma cha kilo 200, mtu mmoja huliinua kwa kamba bila taabu. Mtazamaji hudhani kwamba kazi imekuwa nyepesi, kumbe imekuwa na hatari ya aina nyingine.

Hatari hiyo haimo katika kuinua, bali imo katika dakika ambapo usawa unatengenezwa au unavunjwa. Kanuni ni hii: wakati wa kupakia, bomba likiwa chini, kwanza hufungwa pazia, kisha huwekwa chuma. Wakati wa kupakua, huondolewa chuma kwanza, kisha pazia. Anayegeuza mpango huo na kulifungua pazia wakati chuma kingali juu huuacha uzito wote bila mwenzake. Fremu huanguka, bomba huruka kuelekea darini, kamba huchoma mikono ya anayejaribu kuishika, na walio chini hawana pa kukimbilia. Breki ya kamba haikuumbwa kwa ajili ya kuzuia tofauti kubwa kama hiyo.

Tena wafanyakazi hao hawako mahali pamoja. Anayepanga chuma yuko juu, anayefunga pazia yuko chini, na mara nyingi hawaonani. Kinachowaunganisha ni sauti. Wa chini hutangaza kwamba pazia limekwisha kufungwa, wa juu hujibu, kisha huanza kuhesabu vipande. Ujuzi wa kazi hii, kwa hakika, ni ujuzi wa mazungumzo.

5. Kreni ya mnara

Mwaka 1949, wakati Ujerumani ilipokuwa ikijenga upya miji iliyobomolewa na vita, Hans Liebherr alibuni kreni ya mnara iliyoweza kusafirishwa na kusimamishwa kwa urahisi. Mkono mrefu hubeba mzigo, na mkono mfupi wa nyuma hubeba mabamba ya zege. Mabamba hayo hayabadiliki kila mzigo unapobadilika. Kwa hiyo kreni isiyobeba kitu huegemea nyuma kidogo, na ikibeba huvutwa mbele. Mwendeshaji hufanya kazi kati ya mipaka hiyo miwili.

Haimtoshi kujua uzito wa mzigo. Tani 2 zilizo mita 30 kutoka mnarani huivuta kreni sawasawa na tani 6 zilizo mita 10, kwa kuwa uzito ukizidishwa kwa umbali hutoa 60 pande zote mbili. Anayesogeza mzigo mbele bila hesabu hiyo anaongeza mvuto ingawa hajaongeza hata kilo moja. Aidha, anapomaliza kazi, huuacha mkono huru ugeuke na upepo, maana mkono uliofungwa huwa kama tanga lisiloweza kushushwa.

Hapa pia kazi husimama juu ya lugha. Kidole kinachozungushwa mkono ukiwa juu huamuru mzigo upande. Kikizungushwa mkono ukielekea chini, huamuru ushuke. Mtoa ishara ni mmoja tu, ili mwendeshaji asivutwe na amri mbili. Lakini kanuni hiyo ina sharti moja linalostahili kuzingatiwa: ishara ya kusimama inaweza kutolewa na mtu yeyote, hata kibarua aliyefika siku hiyo, na mwendeshaji hana budi kuitii.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba jiwe na chuma vilichukua mahali pa mwili wa mfanyakazi, lakini havikuchukua mahali pa akili yake. Kadiri mzigo ulivyokuwa mwepesi mkononi, ndivyo utaratibu na ishara vilivyozidi kuwa na uzito. Wenye kujua hilo katika Katanga ni wengi. Katika kambi za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, watu wa makabila mbalimbali walikutana kazini, na Kiswahili kikawa lugha ya kuonyana na kuagizana. Msamiati wa mafundi hao wa kuinua, kufunga na kushusha mizigo unastahili kukusanywa na watafiti wa Kiswahili kwa bidii ileile waliyoitumia kukusanya methali na tenzi. Mahali ambapo neno moja lisiloeleweka huweza kuua mtu, kulitafuta neno sahihi na kulihifadhi ni sehemu ya kulinda uhai.