Kujua Kama Mji wa Mimba U Tayari

Kabla hatujaendelea, mwalimu wenu na aandike ubaoni maneno haya: yai, utando, jeni.

Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, Uingereza, alizaliwa mtoto wa kike aitwaye Louise Brown. Yai la mama yake lilikutanishwa na mbegu ya baba yake katika chombo cha kioo, kisha likarudishwa tumboni. Waliofanya kazi hiyo ni Robert Edwards, mtaalamu wa elimu ya viumbe. Patrick Steptoe, daktari. Na Jean Purdy, muuguzi. Watu wengi hukumbuka furaha ya siku ile. Wachache hukumbuka kwamba tangu mwaka 1969 wanawake 282 walijitoa kwa kazi hiyo, na watoto waliozaliwa wakawa wawili tu.

Basi swali likabaki: kwa nini yai zima liwekwe ndani, nalo lisishike?

Mkulima ajua kwamba mbegu nzuri ikitiwa ardhini kabla ya mvua, huoza au huliwa na ndege. Mji wa mimba nao una majira yake. Kila mwezi utando wake wa ndani hunenepa, na kwa siku chache tu huweza kupokea yai. Siku hizo zikipita, msimu umekwisha.

Mwaka 1950 madaktari watatu wa Marekani, Noyes, Hertig na Rock, walitoa maandishi yaliyopata sifa kubwa. Walitazama vipande vidogo vya utando huo kwa darubini, wakaeleza jinsi unavyobadilika siku kwa siku. Tangu hapo daktari aliweza kumwambia mwanamke, "Utando wako umechelewa." Wanawake wengi walikatwa kipande hicho, jambo lenye maumivu. Lakini mwaka 2004 uchunguzi mmoja wa Marekani uliwalinganisha wanawake wenye shida ya kuzaa na wale waliokwisha kuzaa. Kuchelewa kule kulionekana pande zote mbili. Hata kwa waliokwisha kuzaa, karibu nusu yao walikuwa nako! Dalili ile haikumtenga tasa na mzazi.

Wakati huo elimu ya jeni ilikuwa imekwisha kuendelea. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya chembe za mwili. Chembe haifuati maagizo yote kwa mara moja, kama vile mwenye nyumba asivyowasha taa za vyumba vyote. Mwaka 2011 wataalamu wa Valencia, Hispania, walitangaza kipimo kinachotazama jeni 238 za utando ule: zipi zimewaka, na kwa kiasi gani. Majibu husema u tayari, au bado. Aambiwaye bado, saa yake ya kuwekewa yai husogezwa, pengine kwa siku nzima. Kipimo kikauzwa katika nchi nyingi, wala si kwa bei rahisi. Mimi mwenyewe niliposoma habari zake mara ya kwanza nilisadiki kabisa. Hesabu ya jeni 238 humfanya mtu anyamaze.

Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa Marekani. Wanawake 767 walipimwa wote, kisha wakagawanywa kwa kura. Wanawake 381 waliwekewa yai kwa saa iliyotajwa na kipimo. 386 kwa saa ya kawaida, bila kujali kipimo kilisema nini. Katika wale wa kwanza walijifungua 223. Katika wale wa pili, 239.

Darasa na lipige hesabu. Mtapata 58.5 katika mia, na 61.9 katika mia. Tofauti ndogo namna hii yaweza kuwa bahati tu, kwa hiyo hatusemi kipimo kiliwadhuru. Twasema hakikuwasaidia.

Kutoka 2011 hata 2022 ni miaka 11. Mwanamke aliyekilipia kipimo hicho akiwa na umri wa miaka 34, alikuwa na miaka 45 majibu ya jaribio yalipotoka.