Ushauri wa Faragha Usukumani: Alama ya UKIMWI

Anayetaka kujua jinsi janga la maradhi lilivyobadili haja ya msaada wa kisaikolojia katika vijiji vya Nkoma, wilayani Itilima, asianzie na UVIKO-19. Aanzie na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, wakati Nkoma ingali sehemu ya Bariadi katika mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu, ambamo Itilima imo sasa, ulizaliwa mwaka 2012. UKIMWI haukuwaletea Wasukuma ushauri, maana walikuwa nao tangu zamani. Uliwaletea haja ya ushauri wa siri, na hilo lilikuwa jambo geni kabisa.

Kwa bafumu, waganga wa Kisukuma, mgonjwa hakuwa mtu wa peke yake. Ndugu walimsindikiza, mganga akasoma matumbo ya kifaranga, na chanzo kikatafutwa katika uhusiano: masamva waliosahauliwa, au jirani mwenye husuda. Tambiko likawakusanya wote. Utaratibu huo ulikuwa na heri yake, kwani aliyesononeka hakuachwa na huzuni yake. Ulikuwa na ubaya wake pia, na si haki kuufunika: msako wa mchawi umegharimu maisha ya vikongwe wengi wa Usukumani, wengine kwa sababu tu ya macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Sasa weka katikati ya ukoo huo majibu ya kipimo cha damu. Yakisomwa mbele ya wote, mke anaweza kufukuzwa na mjane kunyang'anywa shamba. Ndipo alipohitajika mtu asiye ndugu, nyuma ya mlango uliofungwa. Shirika la WAMATA lilianza kazi hiyo Dar es Salaam mwaka 1989, vituo vya ANGAZA vikafuata mwaka 2001, na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ikaufanya ushauri nasaha kabla na baada ya kupima, pamoja na usiri wa majibu, kuwa wajibu.

Wapo watakaosema kwamba hayo yalikuwa matakwa ya wafadhili, si ya wanakijiji. Fedha kweli zilitoka nje. Lakini dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004, kujua hali yako kukawa na faida, na mazungumzo na mshauri yakawa sehemu ya kuishi: namna ya kumwambia mwenzi, namna ya kumeza dawa bila kukata tamaa. Haja iliyopandwa na mwingine ikaota mizizi. UVIKO-19 haukufanya hivyo hapa, ingawa Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza. Takwimu za wagonjwa nchini ziliacha kutangazwa mwishoni mwa Aprili 2020, vipimo vilikuwa vichache, na watu wakajifukiza nyungu majumbani pamoja na jamaa zao. Pasipo majibu ya kuficha, hapakuwa na sababu ya kumtafuta mshauri. Ndiyo maana ushauri uliojengwa vijijini ulibaki umefungamana na VVU: mwenye virusi ana kliniki na mtu wa kumsikiliza kwa faragha, ilhali mkulima mwenye sonona asiye na virusi bado hurudi kwa mfumu, au husafiri hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, kama nauli ipo.