Mwelekeo wa pande za sarafu

Mwelekeo wa pande za sarafu ni uhusiano kati ya mkao wa picha ya upande wa mbele, ambao aghalabu hubeba sura ya kiongozi au nembo ya taifa, na mkao wa picha ya upande wa nyuma. Mielekeo iliyozoeleka ni miwili. Katika mwelekeo wa medali, sarafu iliyoshikwa juu na chini kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kisha ikazungushwa kutoka kushoto kwenda kulia, huonyesha picha ya nyuma ikiwa wima. Katika mwelekeo wa sarafu, picha hiyo huonekana kichwa chini, miguu juu. Sarafu za yuro na za sasa za Uingereza hufuata mwelekeo wa kwanza, ilhali za Marekani hufuata wa pili. Mwelekeo huamuliwa na jinsi mihuri miwili ya chuma inavyofungwa katika mashine ya kugongea sarafu, na muhuri mmoja ukilegea na kuzunguka, hutokea sarafu zenye picha zilizopishana, kasoro ambayo wakusanyaji wa sarafu huithamini.