Kwa nini telefone inahamisha kerneli yake kila ikiwashwa

Ndani ya kila telefone ya Android kuna kerneli ya Linux, ile programu inayosimamia zingine zote. Ukiwasha telefone, kerneli inaingizwa ndani ya memwari, na kila kipande chake kinapata adresi, sawa vile nimero ya palseli kwenye avenyu.

Zamani adresi hizo zilikuwa zile zile kwa telefone zote za aina moja. Mwizi aliyegundua kosa ndani ya kerneli alijaribia kwenye telefone yake mwenyewe, kisha alijua wapi pa kupiga kwenye yako.

Dawa yake inaitwa KASLR. Wakati wa kuwaka, kerneli nzima inasogezwa kwa umbali wa kubahatisha. Linux iliipokea mwaka 2014, toleo 3.14. Android iliifuata mwaka 2017 na Android 8.0, kwa kerneli 4.4 na zilizofuata.

Lakini angalia: nyumba zote zinahama pamoja, hatua moja. Adresi moja tu ikivuja, mwizi anahesabu zingine zote, na zinabaki pale pale mpaka uzime na kuwasha tena. Kosa lenyewe halijazibwa. Hilo linazibwa na toleo jipya la programu peke yake.