Mjadala wa matumizi ya fedha za umma katika anga za juu (Tanzania)

Ni mabishano kuhusu kama nchi ambayo bado ina upungufu wa madarasa na zahanati igharimie satelaiti. Yalipata uzito mwaka 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza mpango wa satelaiti ya taifa. Mwaka huohuo, tarehe 15 Aprili, Kenya ilirusha satelaiti yake ya Taifa-1 kwa ajili ya kilimo na mazingira.

Mlima Kilimanjaro unaonyesha kwa nini gharama hiyo inaweza kuhalalishwa. Ramani ya 1912 ikilinganishwa na picha zilizopigwa kutoka juu, takriban asilimia 85 ya eneo la barafu lilikuwa limetoweka kufikia 2007. Moto wa Oktoba 2020 ulipounguza vichaka juu ya Moshi, satelaiti zilisaidia kupima eneo lililoungua. Wapinzani hujibu kwamba picha za satelaiti za Landsat hutolewa bure tangu 2008, na kwamba kamera ya satelaiti haioni chini ya mawingu ya masika. Hoja hizo ni za kweli. Hata hivyo, mawingu hupenywa na rada, kama ya satelaiti ya Sentinel-1. Na picha ya bure haimsaidii mkulima wa kahawa na migomba katika kihamba (shamba la nyumbani la Wachagga) huko Kibosho, kwenye miteremko ya mlima huo, mpaka mtaalamu aisome na afisa ugani amfikishie ushauri. Kwa hiyo fedha zianze kwa wataalamu hao, satelaiti ifuate. Kususia fani hii kabisa ni kuwaachia wengine waamue kipi kitazamwe katika ardhi yetu, na lini.