Si kila "free" ni bure

Mama mmoja anayevusha ndizi kutoka vijiji vya Tarime kwenda Isebania alinipigia kipindi kikiwa hewani. Aliuliza hivi: "Mwanangu, karatasi imeandikwa duty free. Sasa mbona bado naambiwa nitoe hela?" Muda ulituishia kabla sijamjibu vizuri, nikamwahidi nitaliandika hapa. Na kwa kuwa neno hilo "free", tunalotamka fri, linawapotosha wengi, si yeye peke yake, nimelichambua lote.

Shida inaanzia kwenye Kiingereza chenyewe. Mahali ambapo sisi tuna maneno manne, wao wanatumia moja. Kitu kisicho na malipo sisi tunasema bure. Mtu asiye chini ya mwingine ni huru. Mtu asiye na kazi kwa wakati huo ana nafasi. Na kitu kilichoondolewa kitu fulani tunasema hakina, au ni bila. Mwingereza yote hayo anayaita "free".

Maana ya uhuru ndiyo ya zamani zaidi. Wataalamu wa lugha wanaeleza kuwa "free" na "friend", yaani rafiki, yametoka kwenye mzizi mmoja uliohusu kupenda. Mtu wa ukoo, anayependwa, ndiye aliyehesabiwa si mtumwa. Maana ya kutolipa ilikuja baadaye. Kiswahili hakikuchanganya hayo mawili. Nchi ilipofungua biashara miaka ya 1980, enzi za Mzee Mwinyi, tulisema soko huria, na hakuna aliyekwenda sokoni akitegemea kuchukua sabuni bila kulipa.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana ndilo linalogharimu watu. Angalia "free" imekaa wapi. Ikitangulia jina la kitu, kama "free soda", mara nyingi ni soda ya bure. Ikija nyuma ya jina, kama "sugar free", maana yake ni bila sukari. Mtu mwenye kisukari akisoma vibaya hapo, akadhani ameongezewa sukari ya bure, ataiacha chupa iliyomfaa na kuchukua nyingine. Na maandishi "no added sugar" si sawa na hayo: yanasema haikuongezwa sukari, lakini ile ya tunda lenyewe bado imo.

"Duty free" iko kwenye kundi hilo la bila. "Duty" hapa ni ushuru wa forodha, basi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na chini yake bidhaa iliyozalishwa ndani ya jumuiya, ikitimiza masharti ya uasili, haitozwi ushuru huo ikivuka kutoka Tanzania kwenda Kenya au kurudi. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani amerahisishiwa: kama bidhaa yake iko kwenye orodha iliyokubaliwa, anapata cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani.

Lakini mama yangu, hiyo "free" imeushika ushuru wa forodha peke yake. Haikugusa kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa zinazotozwa kodi hiyo, wala kibali cha afya ya mimea, wala ushuru wa mazao wa halmashauri. Pia haimfuati kila anayenunua ng'ambo. Kitenge kilichotoka China hakigeuki kuwa cha Afrika Mashariki kwa sababu tu umekinunulia Isebania. Ukiambiwa ulipe, usibishane juu ya neno "free". Uliza, "Hii ni tozo gani?" kisha udai risiti yenye jina la tozo hiyo. Ukishajua jina lake, utajua kama karatasi yako inaihusu au haihusu.

Kwenye simu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu huko "free" hutumika kama chambo. "Free trial" ni majaribio ya bure, na neno la kuangalia hapo ni majaribio. Siku zikiisha, salio linaanza kukatwa, wakati mwingine kila siku, mpaka ujitoe. Kabla hujabonyeza 1, tafuta ujumbe huo unasema nini kuhusu siku zinazofuata. Na ukiambiwa umeshinda zawadi "free" ila utume kwanza hela ya kuitoa, huo ni utapeli. Usijibu. Tuma ujumbe huo kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti matapeli wa simu.

"Toll free" ni namba isiyokata salio, mara nyingi zinaanza na 0800. Angalizo kwa sisi wa Sirari: namba hizo ni za nchi. Simu yako ikiwa imenasa mtandao wa Kenya, na hapa inanasa hata ukiwa jikoni, inaweza kugoma au kukukata hela. Angalia kwanza jina la mtandao juu ya kioo.

Shuleni, tangu 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na sita. Wengi tunaita "free", lakini soma kama ile ya mpakani: bila ada. Sare na madaftari bado ni vya mzazi.

Zilizobaki hazina madhara. "Are you free?" ni kuulizwa kama una nafasi. "Feel free" ni karibu, usione aibu. Kuku wa "free range" ni yule anayejitafutia mwenyewe uani, ingawa mjini wanamuuza ghali kuliko wote. Na gauni la mtumba lenye kibandiko cha "free size" ni la saizi yoyote. Muuzaji atataka hela yake kama kawaida.