Sanaa za Mikono na Soko la Watalii katika Barabara ya Mwanza–Musoma: Kutoka Buzuruga hadi Bujora

Buzuruga ni kata ya Wilaya ya Ilemela, jijini Mwanza, iliyo kando ya barabara kuu inayotoka mjini kupitia Nyakato, Igoma na Kisesa kuelekea Magu, Lamadi na Musoma. Barabara hiyo ndiyo imfikishayo mtalii kwenye lango la Ndabaka, upande wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na ndiyo impelekayo Bujora, karibu na Kisesa, yapata kilomita 20 kutoka mjini, iliko Makumbusho ya Wasukuma. Insha hii inachunguza historia ya biashara ya sanaa za mikono katika ukanda huo. Hoja inayojengwa ni kwamba unyonge wa soko la watalii Mwanza haukutokana na uhaba wa ufundi, wala haukutokana na uhaba wa matangazo peke yake. Chimbuko lake ni kutenganishwa kwa chombo na matumizi yake, pamoja na njia ambazo watalii walielekezwa kuzifuata tangu enzi za ukoloni.

Ni vema ikumbukwe kwamba kuuza kazi ya mikono kwa mgeni si jambo lililoletwa na utalii. Kabla ya ukoloni, majembe yaliyofuliwa na Warongo wa Uzinza yalivuka hadi Usukumani, yakatumika shambani na pia katika mahari. Jembe hilo lilikuwa na thamani kwa sababu kila aliyelipokea alijua la kulifanyia. Ngoma na kiti cha mtemi navyo vilikuwa kazi za mafundi, lakini havikuwa bidhaa: vilikuwa ushahidi wa utemi wenyewe, na aliyevishika ndiye aliyetawala.

Mfano ulio muhimu zaidi kwa mada hii unapatikana katika mashindano ya ngoma. Masimulizi ya Wasukuma yanawataja waganga wawili, Ngika na Gumha, kuwa waasisi wa makundi mawili yanayoshindana hadi leo, Bagika na Bagalu. Katika mashindano hayo makundi hucheza kwa wakati mmoja, kila moja katika uwanja wake, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Mtazamaji ndiye hakimu, na hukumu yake huitoa kwa miguu. Kutokana na kanuni hiyo kulizuka ushindani wa mbinu: dawa, mizaha, nyoka wa jamii ya Bayeye, jembe linalorushwa na kudakwa na Bagobogobo, na vinyago vya mti, vingine vyenye mikono inayochezeshwa. Kazi ya kinyago hicho ilikuwa kumgeuza shingo mtu aliyekuwa akitazama upande wa pili. Kwa maneno mengine, Wasukuma walikuwa na sanaa ya kunadi muda mrefu kabla ya kuwapo kwa ofisi yoyote ya utalii, na sanaa hiyo ilihukumiwa vikali kuliko tangazo lolote la leo. Wanaodai kwamba fundi wa kanda ya ziwa hajui kujitangaza wangefaa kuizingatia historia hii kwanza.

Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza kukusanya Bujora vifaa na masimulizi akishirikiana na wazee. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968. Mashindano ya ngoma yaliunganishwa na sikukuu ya Ekaristi, na tamasha likaitwa Bulabo, jina litokanalo na maua yaliyotandazwa njiani wakati wa maandamano. Lengo la Clement lilikuwa la kichungaji, si la kibiashara. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa kwamba kwa mara ya kwanza palikuwa na mahali pamoja ambapo mgeni angeweza kuona kiti cha mtemi, ngoma zake na nyumba ya Kisukuma, kisha akauliza bei ya kinachofanana navyo.

Wakati wa ukusanyaji huo haukuwa wa kawaida. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulikuwa umekwisha kufutwa kisheria. Ngoma za utemi zilibaki bila mtemi wa kuzipiga. Baadhi zilihifadhiwa Bujora, lakini vifaa vingine vya Usukumani na Unyamwezini viliishia mikononi mwa wakusanyaji wa ng'ambo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka sharti la kibali kwa usafirishaji wa vifaa vya namna hiyo nje ya nchi. Mwaka 1994 maonyesho makubwa ya sanaa ya uchongaji ya Tanzania yalifanyika Berlin na baadaye Munich, na kazi za Wasukuma zilikuwamo. Hapa ndipo penye kitendawili cha soko hili: kiti kilekile ambacho mnunuzi wa barabarani hukipunguzia bei huitwa kazi bora kikishafika Ulaya, na tofauti ya bei haimrudii fundi wala ukoo uliokitoa.

Sababu ya pili ni njia. Utalii wa kaskazini ulijengwa kutokea Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983, mtiririko huo ulikatika, na kitovu cha safari kwa upande wa Tanzania kikawa Arusha, karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro uliofunguliwa mwaka 1971. Mtalii huingia Serengeti kutoka mashariki, na kwa kawaida hurudi kwa njia ileile. Wakati huohuo Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuamua ni kitu gani kiitwe sanaa ya Tanzania. Wafanyabiashara kama Mohamed Peera waliwanunulia Wamakonde vinyago na kuwatafutia wateja. Edward Saidi Tingatinga alianza mtindo wake wa uchoraji mwaka 1968. Nyumba ya Sanaa ikaanzishwa mwaka 1972. Matokeo ni kwamba mgeni anayetafuta kumbukumbu mjini Mwanza huonyeshwa mara nyingi kinyago cha Kimakonde au picha ya Tingatinga, kazi nzuri bila shaka, ila zisizo na uhusiano wowote na ziwa analolitazama.

Je, sanaa ya mikono imekufa Buzuruga? La. Inahitaji kutafutwa mahali panapostahili. Vikapu, nyungo, mikeka, vinu, vyungu na makubazi ya matairi ni sehemu ya biashara ya kawaida ya mitaa ya aina hii, na mnunuzi wake ni mkazi au msafiri wa basi. Adui wa bidhaa hizi ni ndoo na beseni la plastiki, na katika vita hivyo mfinyanzi ameshindwa zaidi kuliko msusi. Programu zinazomtaka msusi apunguze ukubwa wa kikapu ili kiingie katika mkoba wa mtalii zinampa mteja anayekuja mara moja, na zinaweza kumpotezea yule anayerudi kila mavuno.

Bulabo bado huadhimishwa mwezi Juni. Wanaojaa Kisesa siku hizo ni Wasukuma wenyewe kwa wingi kuliko wageni. Mchezaji huhitaji njuga za miguuni, ngoma iliyowambwa vizuri na vazi la kikundi chake, na humwagiza fundi mapema, kwa sababu siku ya mashindano watazamaji wataamua upande wa kuelekea.